Ndani ya Shubiri Moja

Siku bandeji ilipofunguliwa, Paskazia aliona watu wawili mbele yake. Daktari Kashaija akasema yupo peke yake.

"Na huyu nesi aliyeniinamia?"

"Nesi yupi, dada? Nesi ametoka kitambo."

Paskazia akapepesa jicho. Hapakuwa na mtu. Ila chumba kilichokuwa kikinuka spiriti sasa kilinuka udi.

Tatizo lake lilikuwa la kuzaliwa: mbali aliona, karibu ukungu mtupu. Utotoni huko Nansio, kando ya ziwa, walimpandisha mwambani atambue mitumbwi ya nani inarudi, wakamsifu. Hakuna aliyemuuliza kama anaiona sahani yake. Shuleni aliposhindwa kusoma, mwalimu akamhamishia dawati la mbele, eti aone vizuri. Mtoto haoni karibu, unamsogeza karibu! Akamaliza darasa la saba anaitwa mzito wa kichwa.

Ukubwani akawa kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Ilemela, meza yenye taa chini ya kioo, aking'oa mifupa kwa kibano. Mifupa ilimpita. Miwani marufuku, wanunuzi wa Ulaya hawakutaka kitu cha kuvunjika karibu na samaki. Msimamizi wake, Luhaga, alimwambia wazi: mfupa ukipita tena, kazi basi. Na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima.

Ndipo alipokwenda kwa Kashaija, aliyefungua kliniki yake mjini serikali ilipoanza kuruhusu kliniki za watu binafsi.

"Kuna mwanga wa leza unaochonga kioo cha mbele cha jicho," daktari alimweleza. "Mashine yake hapa hatuna. Kuna kukichoma vitone vya moto pembeni ili katikati kibinuke. Baada ya muda jicho hurudi lilivyokuwa. Na kuna kutoa lenzi yako nikaweka ya plastiki, kama kwa wenye mtoto wa jicho. Hiyo naiweza. Nitakuwekea ya karibu, miwani utavaa ya mbali. Hatari ipo, sikufichi. Tuanze na la kulia."

Alichagua hiyo ya mwisho, na aliporudi kwenye meza yake kiwandani aliona kila mfupa, mweupe kama uzi. Alikaribia kucheka. Kisha, katikati ya harufu ya samaki na klorini, ukapita udi, na kitu baridi kikamgusa shavu, baridi ileile aliyoizoea tangu utotoni akidhani ni upepo wa ziwa, na alipoinua kibano akaona kwamba kati ya uso wake na mnofu, ndani ya shubiri moja, palikuwa na uso mwingine, wa mwanamke, umelowa, hauna kope wala nyusi, umetulia kama uso wa mtu aliyekaa hapo miaka yote bila kuulizwa, na ulipogundua kwamba unaonekana, ukaanza taratibu kufungua mdomo.

Alipiga kelele kwamba kuna mtu mbele ya uso wake. Mifupa miwili ikapita.

"Majini unayaona, mfupa huuoni?" Luhaga alifoka. "Leo nakusamehe, umebakiza mara moja tu."

Daktari naye akamulika jicho. "Ni mwanga unacheza kwenye lenzi mpya. Vumilia wiki sita."

"Mwanga una meno, daktari?"

Akaandikiwa matone.

Mama yake, Bernadeta, aliyekuja na meli kumuuguza, ndiye aliyemaliza. "Ulikuwa mzima, mwanangu. Umekwenda kukatwa."

"Mzima, mama? Nilikuwa naona nini mimi?"

Kila mtu alikuwa na maoni juu ya jicho hilo isipokuwa mwenye jicho.

Wakaenda Magu kwa mganga, mama mmoja aitwaye Kija. Paskazia akaamkia, akaeleza. Kija akamfunika jicho la kulia, akanusa hewa mbele ya lile la kushoto.

"Hajatumwa na mtu," alinong'ona. "Makazi yake ni ukungu wako. Umebomoa upande mmoja, amehamia wa pili. Bomoa na huo."

Kwa mara ya kwanza mganga na daktari walikubaliana. Jicho la kushoto likakatwa. Mitumbwi ya mbali ikapotea, lakini mbele ya pua yake pakawa peupe. Mwezi ukaisha bila mfupa hata mmoja kumpita.

"Kumbe ukitaka unaweza," Luhaga alisema. Eti akitaka!

Mchana mmoja akamwita mlangoni pa ofisi. Alikuwa ameshika orodha ya mzigo, mkono umenyooka mpaka mwisho, kichwa amekirudisha nyuma.

"Nisomee hapa, binti. Siku hizi wanaandika herufi kama sisimizi."

Paskazia akainama. Udi. Kati ya karatasi na pua ya msimamizi, ule uso ulikuwa umelaza shavu lake juu ya shavu la Luhaga.

"Bosi," alinong'ona, "nenda kwa Daktari Kashaija. Leo. Yupo mtu hapo, karibu na macho yako."

"Umeanza tena?" Luhaga akacheka, akajifuta shavu. "Mimi nikatwe jicho kwa sababu ya herufi? Soma, gari linangoja."

Akarudia kumwambia. Luhaga akamnyooshea kidole kwenye karatasi.

Akasoma. Yule kiumbe akamgeukia taratibu, akamtazama mpaka mstari wa mwisho, kisha akajisogeza zaidi kwa Luhaga, kama mtu aliyepishwa kitandani.