Asiye wa Upande Wowote

Habari hii tuliisikia kwa mara ya kwanza kwa shangazi, mkataji wa nguo, mwaka wa nne baada ya msiba, mchana mmoja alipokuwa akinoa mkasi. Hakuwahi kuibadilisha, nami naiandika kama alivyoisema.

Rafiki yake, aliyeshonea kwenye meza ya pili katika karakana yao, alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumanne, salama kabisa. Jumatano asubuhi damu ilianza kumtoka na haikukatika. Mumewe, fundi redio ambaye kwa urefu wake watu walimwita Antena, alimbeba mikononi hadi barabarani, wakapata gari la kwenda hospitali. Kuanzia hapo ikawa kupokezana: Antena na dada yake upande mmoja, bibi mzaa mama wa mtoto upande wa pili, na shangazi katikati, akipeleka maji ya moto, akirudi na mashuka ya damu, akifua, akienda tena. Mlinzi wa wodi aliwazoea.

"Hii wodi au harusi?" aliwauliza siku ya tatu. "Jana mlikuwa wanne, leo watano."

Wa tano alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye ndoo. Hakusema mengi. Alipokea mtoto, alipokea nguo chafu, alisema "Poleni, pumzikeni," na kwa watu waliokuwa wakisinzia wamesimama hakukuwa na neno tamu kuliko hilo. Wifi, yaani dada yake Antena, alidhani ni wa ukoo wa bibi. Bibi alidhani ni wa akina Antena. Antena alidhani ametoka karakanani. Shangazi alidhani ni jirani. Mtu anakufulia nguo za mgonjwa wako, halafu umuulize, "Kwani wewe ni nani?" Uso wa kuuliza hivyo ungeupata wapi?

Mgonjwa alifariki Ijumaa saa nane mchana. Wakazika Jumamosi. Waombolezaji wakaondoka mmoja mmoja, mwenye ndoo akabaki, na hakuna aliyeshangaa, maana mtoto alinyamaza kwake tu.

Jumatano iliyofuata, shangazi alimpima mtoto kifua kwa utepe ili amshonee kigauni. Inchi kumi na tatu. Ijumaa alipokuja kumjaribisha, kigauni kilimpwaya. Akapima tena. Kumi na mbili na robo.

"Mama, huyu anakunywa maziwa kweli?" alimuuliza bibi.

"Chupa nzima. Huyo ndugu wa akina Antena anamlisha vizuri, Mungu ambariki."

Wifi, aliyekuwa akifagia, akasimama. "Ndugu yetu? Si wa kwenu, mama?"

Bibi akatikisa kichwa.

Chumba cha nyuma, yule mwanamke mwenye ndoo alikuwa akimwimbia mtoto. Shangazi alisogea hadi mlangoni, na jua la saa kumi lilikuwa limejaa chumba chote, hapakuwa na giza la kusingizia, akasikia kwamba wimbo ule haukuwa na mahali pa kuvuta pumzi, ulikwenda tu, mstari juu ya mstari, na harufu ya udongo ulionyeshewa ikamjia ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki sita, na macho yake, macho ya mtu aliyekata nguo miaka kumi na tisa, yakafanya yenyewe yalichozoea, yakatafuta mshono wa bega yakaukosa, yakatafuta wa kwapa, wa ubavuni, upindo wa chini, na gauni lile lilishuka kutoka shingoni hadi sakafuni bila mshono hata mmoja, kama ngozi.

"Pumzika, dada," mwanamke alisema bila kugeuka. "Umechoka."

"Na nilikuwa nimechoka kweli," shangazi alituambia. "Nusura nikae."

Badala ya kukaa alikwenda kwa mganga, mama mmoja mzee nyuma ya soko, akamkuta anaziba sufuria iliyotoboka.

"Nani alimkaribisha?" mganga aliuliza.

"Hakuna. Kila mmoja alidhani ni wa mwenzake."

"Ndiyo njia yao. Hawavunji mlango, wanakuja na ndoo. Msinunue dawa. Kaeni mbele yake, kila mmoja amkane kwa kinywa chake. Akisalia hata mmoja asiyemkana, mtoto hafiki Jumatatu."

Jumamosi asubuhi walikaa sebuleni, mwanamke katikati yao, mtoto mapajani mwake.

"Si wa kwetu," alisema bibi.

"Si wa kwetu," alisema wifi.

"Si wa kwetu," alisema shangazi. Harufu ya udongo ikazidi hadi wakaanza kukohoa.

Ikafika zamu ya Antena.

"Shemeji," shangazi alinong'ona.

"Amenifulia mashati," alisema Antena. "Huyu akiondoka, mimi nabaki na nani? Nani atanishikia mtoto?"

"Sisi."

"Ninyi mmechoka. Nawaona."

"Tumechoka, ndiyo. Tutakuja hivyo hivyo tumechoka."

Antena alimtazama binti yake, ambaye hakuwa tena na nguvu ya kulia. Midomo ya baba ilicheza kwanza bila sauti.

"Si wa kwetu," alisema.

Mwanamke alimlaza mtoto mkekani, taratibu, akaichukua ndoo yake, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakuwa na haraka. Wifi alipochungulia, barabara ilikuwa tupu pande zote mbili, na ndoo imeachwa getini, imejaa udongo mbichi.

Ndipo mtoto akalia. Alilia hadi jua likazama, wakampokezana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye, na mganga mwaka uleule. Wifi alifariki juzijuzi, kwa kisukari. Antena yu hai. Siku hizi anatengeneza simu. Shangazi yu hai. Misibani hukaa mlangoni akimuuliza kila anayeingia yeye ni wa nani, na watu humwita mkorofi. Mtoto yu hai. Ana miaka ishirini na sita na mimba ya miezi minane, na amekwisha kumwomba shangazi aje akae mlangoni.