Mtindi wa Faruk

Kila asubuhi Houda alifagia ua wao mtaani Buyenzi, akawasha makaa, kisha akammiminia kaka yake Faruk kikombe cha mtindi. Daktari alikuwa amempasua Faruk ufizi na kung'oa gego lililooza. Vidonge vya kuzuia usaha vilimharisha, ndiyo maana muuguzi Pascaline aliagiza mtindi. Mama yao, Mwantum, aliufuata Kanyosha, kusini mwa mji, kwa miguu, siku ambazo bunduki za vita zilinyamaza.

"Mi maharage, yeye maziwa kama bibi harusi," Houda alinung'unika.

"Na we ng'oa jino," Faruk alijibu, shavu limevimba kama andazi.

Houda hakucheka. Majirani walimpita mlangoni wakiuliza, "Faruk anaendeleaje?" Yeye hakuna aliyemuuliza hata kama amekula.

Asubuhi moja alionja mtindi wa kaka yake. Akaonja tena. Kikombe kikaisha. Akaogopa kugusa kibuyu cha kuhifadhia mtindi, maana Mama alijua ulipofikia. Alichukua maziwa ya chai, akayachemsha, akakamulia limau mpaka yakaganda, akampelekea Faruk.

Faruk alipiga funda moja, akashika taya huku machozi yakimtoka. Limau lilikuwa limeingia kwenye kidonda. Tangu hapo alikataa mtindi kabisa. Tumbo likazidi kumsumbua, akawa anavitema vidonge kwa siri, na shavu lililokuwa limeanza kunywea likavimba upya.

"Mtindi huu umeharibika," Mama alisema, akijifunga kitenge. "Naenda kuleta mwingine."

Upande wa kusini risasi zilikuwa zikilia.

Houda alimshika kitenge. "Usiende, Mama. Wa kwenye kibuyu ni mzima. Wake niliunywa mimi, nikamtengenezea mwingine kwa limau."

Mama alichukua kibuyu. Akajaza kikombe, akampa Houda. "Kunywa kidogo, kaka yako akuone."

Houda alikunywa. Faruk alimkazia macho, kisha akapokea kikombe. "Ukirudia, hilo jino nakung'oa mwenyewe." Akanywa taratibu. Baada ya chakula akameza na kidonge chake.

Shavu lilipopungua, Pascaline alikuja kumkagua. "Dawa hufukuza vijidudu vibaya, lakini huondoka na vizuri vya tumboni," alimweleza Houda. "Mtindi husaidia kuvirudisha. Limau haliwezi kazi hiyo."

"Na wivu wako ulikuwa unanipeleka kwenye risasi," Mama aliongeza. "Ukiona nimekusahau, niambie usoni, mwanangu. Hilo nitalitengeneza. Lakini mgonjwa usimwonee wivu. Anachopewa ni dawa, si mapenzi yaliyokatwa kwako."