Kimberly Amelala kwa Friji

"Mum, soma tena. Polepole."

Nikavaa miwani. Meseji ilikuwa kwa simu ya msichana wangu Nyakio, imetoka kwa Kipruto, kijana aliyekuwa anamchumbia. Ilikuwa Jumatano saa tisa mchana, na Jumamosi wazazi wa Kipruto walikuwa wanakuja kwetu mtaa wa Free Area kumposa.

"Odero, Kimberly nimemlaza kwa friji. Shingo imelegea kabisa. Kesho mfunge na gazeti. Nyakio asijue."

"Odero ni nani?" nikauliza.

"Rafiki yake wa kazi. Ametuma kwangu kwa makosa."

"Na Kimberly?"

Nyakio akaninyang'anya simu, akaisoma tena mwenyewe.

Kina mama wenzangu, hii nawaandikia ili yenu yasikuwe kama yangu.

Kuna kipindi kipya kwa TV, Sajini Kiazi. Ni polisi mnene anayejikwaa kwa kila mlango na kupoteza pingu zake, lakini akinusa sufuria tu anajua ni nani aliiba ng'ombe. Kila Jumapili jioni Nyakio alikuwa anajilaza kwa kochi na simu sikioni. Kipruto naye alikuwa kwa chumba chake cha kukodi kule Karagita, karibu na shamba la maua anakofanya kazi. Walikuwa wanaangalia pamoja bila kuwa pamoja. Sajini akianguka, kicheko kimoja kinatoka kwa kochi, kingine kwa simu, vinakutana hapo katikati ya sebule kama ndege wawili. Mimi na chai yangu nilikuwa nahisi nyumba yote inaelea. Yule kijana nilimpenda kwa kicheko kabla sijamwona uso.

Shida ni kwamba nilimpenda Sajini zaidi.

"Kumbuka mikono yake," nikamwambia Nyakio. "Ile mikwaruzo. Hizo ni kucha za mwanamke."

"Alisema ni miiba."

"Kila mshukiwa husema ni miiba! Na ile harufu tamu kwa shati?"

"Mum, wacha nimpigie nimuulize."

"Umewahi kuona Sajini akipigia mshukiwa simu?"

Nyakio akatoka nje kuanua nguo, anajipangusa macho na kila nguo anayotoa kwa kamba. Simu ikabaki mezani. Hapo ndipo nilikosea. Niliandika kwa kidole kimoja: "Jumamosi msikuje. Tumejua yote." Nikatuma.

Aliporudi akaiona.

"Woi, Mum! Umenimaliza!"

Akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena na tena mpaka chaji ikaisha, na hakukula chakula changu siku hiyo.

Asubuhi, ukungu bado umelalia mabati, nikasikia hodi kwa geti, nikatoka na mwiko wa uji mkononi. Ni Kipruto, macho mekundu, amekumbatia kitu kirefu kimefungwa na gazeti.

"Kipruto, si mliandikiwa msikuje?"

"Mama, iliandikwa Jumamosi. Leo ni Alhamisi."

Nikashika mwiko vizuri. "Fungua hiyo gazeti polepole."

Akafungua. Yalikuwa maua ya waridi, kama hamsini hivi, rangi ya maziwa yaliyoguswa na jua la asubuhi. Yote yameinamisha vichwa kama watu wanaoombewa.

"Huyu ndiye Kimberly," akasema. "Ni waridi mpya tunapanda. Ikilegea shingo haiwezi kwenda ng'ambo, kwa hivyo bosi anaturuhusu tuchukue. Nilitaka Nyakio aipate kwa meza Jumamosi, bila kujua."

Nyakio, aliyekuwa nyuma yangu, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Kipruto hakucheka.

"Nyakio, kwani ulidhani nimefanya nini?"

"Umeua mtu. Ama uko na mwingine. Mum alikuwa na ushahidi."

"Jana nilimpigia baba nikamsomea hiyo meseji. Akaniuliza kitu kimoja tu: 'Wametukataa kwa sababu sisi ni Wakalenjin?' Ndio nikazima simu."

Nikaweka mwiko chini. Mimi ni Mkikuyu, nimeishi hii Rift Valley miaka yangu yote, na nimeona makabila yetu yakipigana. Najua vile maneno mawili yanaweza kusomwa.

"Nipigie baba yako," nikasema. "Niongee mwenyewe."

Simu ikashikwa.

"Mzee, ni mimi Mama Nyakio. Ile meseji niliandika mimi, msichana hakujua. Si mambo ya kabila. Nilidhani mtoto wako ameficha mwanamke kwa friji."

"Mwanamke?"

"Anaitwa Kimberly. Kumbe ni maua."

"Mama, upelelezi ulifunzwa na nani?"

"Na Sajini Kiazi," nikasema, nikiangalia chini.

Simu ikapasuka kicheko, na nikajua pale pale Kipruto alikitoa wapi chake.

"Hata huku Londiani tunamwangalia! Juzi mama yake Kipruto alinishika ati nimelamba asali ya kuwaletea, kwa sababu nyuki walikuwa wananifuata."

"Na ulikuwa umelamba?"

"Hiyo ni kesi ingine. Jumamosi tunakuja."

Kipruto akaomba ndoo. Akakata miguu ya maua, Nyakio akishika, vidole vyao vikigusana ndani ya maji. Wakayafunga tena na gazeti, yakasimama wima mpaka shingoni ndani ya maji baridi.

"Sasa yaacheni," Kipruto akasema. "Yatainua shingo yenyewe. Lakini Mama, tafadhali, usifungue kila saa ukichungulia."

Nikachungulia mara moja tu.

Jumamosi wageni waliingia wakakuta Kimberly ameinua kichwa kila kona, nyumba inanukia kama ndoto. Mzee alileta asali, nusu mtungi.

Na Jumapili vicheko vyote viwili vilitoka kwa kochi moja. Kwa kesi ya Sajini ya siku hiyo, mimi nilisema mwizi ni mpishi. Hakuwa mpishi.