Nafasi Chini ya Randa

Kaka yangu alianza kuisafisha gereji ya nyumbani kwake Jumamosi moja asubuhi, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza kumsaidia. Majirani walinisifu. "Ndugu ndiyo huyo," walisema. Wangejua roho yangu ilivyokuwa inaniuma, wangenifukuza kwa mawe.

Sote wawili ni maseremala. Marehemu baba alitufundisha pamoja, kwenye benchi moja. Lakini mimi nilikuwa nafanyia kazi chini ya turubai, nyuma ya chumba cha kupanga. Mvua ikinyesha, nafunga. Yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Rula kwa kuwa hupima hata mkate kabla ya kuukata, alijenga nyumba yenye gereji. Gari lake lilipochakaa akaliuza, akasema gereji sasa iwe karakana.

Tulihangaika nayo wiki mbili. Tulivunja sakafu iliyolowa mafuta, tukamwaga zege jipya, tukatoboa dirisha upande wa mashariki, tukaunda meza ndefu ya kazi. Nilicheka naye, nikala kwake, na kila msumari nilioupigilia ulinichoma mimi. Ndiyo, nilikuwa na roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi?

Mwisho tukafika kwenye ubao wa kutundikia zana. Baba alikuwa na utaratibu wake. Unaweka chombo ubaoni, unakizungushia penseli, unapitisha rangi nyekundu juu ya mstari, kisha unakitundika palepale. Michoro hiyo tuliiita vivuli. Ukitupa jicho mara moja, unajua kipi hakipo. Na alikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulieleza: usichore kivuli cha kitu usichokitundika.

"Nafasi tupu ina subira," alikuwa akisema. "Itangoja mpaka ijazwe."

Kaka alichora vivuli kumi na vinane. Cha mwisho kilikuwa cha randa ya baba. Randa ile niliitaka mimi. Baba alipofariki, kaka aliichukua kwa sababu yeye ni mkubwa, wala hakuniuliza. Aliitundika katikati ya ubao, akarudi nyuma hatua tatu, akaitazama karakana yake mpaka macho yakamlowa.

"Mdogo wangu, sasa hata nikifa leo, sawa tu," akasema, akatoka kwenda kunawa.

Glavu yake ya kulia ilikuwa juu ya meza, imekakamaa kwa gundi na kushika umbo la mkono wake. Niliichukua. Niliibandika ubaoni chini ya randa, nikaizungushia penseli, nikapitisha brashi ya rangi, nikairudisha mezani. Nilitaka tu ubao wake upate doa. Hilo tu, nilijiambia.

Aliporudi, aliona. Hakufoka.

"Nani kachora?" alinong'ona.

"Utani tu, kaka."

"Itundike hiyo glavu. Upesi."

Nikageuka. Mezani haikuwapo. Chini ya meza haikuwapo. Tuliitafuta mpaka kwenye maranda ya mbao. Dakika mbili nyuma nilikuwa nimeishika kwa mkono huu.

Tulipaka rangi nyeupe juu ya kile kivuli. Ikakauka. Nyekundu ikarudi. Tukapiga msasa mpaka ubao ukabonyea. Ikarudi.

Siku ya tatu, saa sita mchana, shemeji alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Njoo. Mkono wa kaka yako."

Nilimkuta ameketi, mkono wa kulia ameulaza mapajani. Haukuwa na jeraha. Haukuvimba. Ulikuwa wa baridi, na vidole havikujikunja. Daktari alipiga picha, akapima, akasema mifupa mizima, mishipa mizima. Hakuona kitu.

Niliingia karakanani peke yangu. Niliweka kiganja ndani ya kile kivuli. Ubao ulikuwa na joto. Joto la mtu. Kitu kikadunda chini ya kiganja changu. Polepole. Kikadunda tena.

Kaka hakushika randa tena. Baada ya miezi miwili alinikabidhi funguo kwa mkono wa kushoto.

"Chukua. Isikae bure."

Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu, bila kunitazama.

Sasa nafanya kazi humo. Meza ndefu ni yangu, dirisha la mashariki ni langu, randa ya baba naishika kila siku. Nimepata vyote nilivyovionea kijicho, na hakuna hata kimoja kinachonipa raha. Wateja wanaisifu karakana. Hawaulizi kwa nini ubao wa zana nimeufunika kwa turubai langu la zamani.

Jana asubuhi nilipofungua mlango, turubai lilikuwa sakafuni. Limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama baba alivyokuwa akikunja.

Kando ya kivuli cha glavu ya kaka kulikuwa na kingine. Rangi ilikuwa bado mbichi. Mkono wa kulia. Kidole cha mwisho kimepinda. Changu kimepinda hivyo tangu utotoni, nilipoanguka kutoka kwenye benchi la baba.

Sikukichora mimi. Na funguo ninazo peke yangu.

Nilikimbilia glavu zangu nizitundike upesi. Ya kushoto ipo.