Kidole Gumba Kwenye Pengo

Mama Pacha, jirani wa ukuta wa pili, anasimulia kila kona kwamba Fundi alimtilia mwenzake sumu kwenye glasi. Anasema alisikia kwa masikio yake mawili glasi ikipasuka, kisha akamwona binti wa watu anatoka mbio, mkono mmoja mdomoni, mwingine umeshika viatu, na ndani kabaki mwanamume mzima analia kama katoto. Ukimuuliza ilikuwa sumu gani, anasema nyekundu. Ukimuuliza aliionaje na ukuta upo katikati, anakuuliza unamtetea Fundi kwa nini, amekupa nini.

Nyekundu ni kweli. Mengine tuyaweke sawa.

Fundi alikuwa anashona kwenye karakana ya nguo za kazi: aproni, vizibao, makoti ya wapishi. Mwanamume aliyemchumbia alikuwa anachanganya vinywaji kwenye kaunta ya hoteli, na kwa jinsi alivyoijua kazi yake, watu walimwita Mtaalamu. Walikaa pamoja miaka minne, chumba na sebule, jiko limebanwa kwenye kona. Harusi ilibaki wiki tatu. Baba yake Fundi, mtu asiyependa safari kabisa, alishakata shauri kuja na ukoo mzima.

Siku zake za mapumziko, alasiri, Mtaalamu alikuwa anatengeneza negroni pale jikoni. Alisema ni kinywaji kichungu cha watu waliotulia. Sehemu moja ya jini, sehemu moja ya ile pombe nyekundu chungu, sehemu moja ya mvinyo mtamu wa viungo. Vyote sawa kwa sawa, kimoja kikizidi umeharibu. Barafu iwe kubwa. Kijiko kinazungushwa polepole bila kugonga glasi, hakuna kutikisa. Mwisho ni ganda la chungwa, limemenywa bila ule weupe wake, linaminywa juu ya glasi mpaka mafuta yaruke.

Hotelini wana kipimo cha chuma. Nyumbani walipimia kikombe kidogo cha kahawa, ambacho Fundi alikigonga kwenye bomba wiki ile ile waliyohamia, kikabaki na pengo mdomoni. Ukikijaza, kinavujia pengoni. Dawa yake ni kukizungusha vidoleni, unaweka kidole gumba pale kwenye pengo, unabana, unajaza mpaka ukingoni, unamiminia upande mwingine. Fundi alitaka kukitupa. Mtaalamu akakataa, akasema hicho ndicho kipimo cha nyumba hii, na asiyekijua atalewa vibaya. Wakacheka. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinachekesha.

Basi Jumanne moja, bosi wa karakana akamtuma Fundi kupeleka vizibao ishirini kwenye hoteli ile ile. Miaka yote minne Fundi hakuwahi kukanyaga pale. Mtaalamu alishamwambia kwamba meneja hataki kuona ndugu wa wafanyakazi kwenye kaunta, naye akaheshimu. Lakini siku hiyo kazi ni kazi, halafu Mtaalamu mwenyewe alikuwa ametumwa ghalani kufuata vinywaji, kwa hiyo hakuna wa kumwaibisha.

Mtu wa stoo alikuwa hajarudi. Wakamwambia asubiri kwenye kaunta. Pale palikuwa na binti mmoja mchangamfu, ana miezi mitatu kazini, wote wanamwita Mpya. Akamkaribisha kiti, akamsifia mshono wa vizibao, akamuuliza anywe nini wakati anamngoja mzee wa stoo. Fundi akaona leo aonje kazi ya mumewe mtarajiwa ikiwa mahali pake. Akaagiza negroni.

Mpya akaweka glasi, akatia barafu. Akachukua kipimo cha chuma, kizima, kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Kabla hajamimina, akakizungusha vidoleni kama anatafuta kitu ukingoni. Akaweka kidole gumba, akabana, akajaza jini. Akafanya hivyo kwa ile nyekundu. Akafanya hivyo kwa mvinyo.

Fundi akaegemea kaunta, macho kwenye kile kidole.

"Hicho kipimo kinavuja, mdogo wangu?"

Mpya akakitazama kidole chake, akacheka. "Hakivuji, dada. Wananitania wote hapa. Ni mazoea tu, mimi nilifundishiwa kwenye kikombe kibovu."

"Ulifundishwa na nani?"

"Na Mtaalamu wetu." Akainamisha macho, tabasamu likamponyoka. "Ananifundishia kwa dada yake. Dada yake anashinda kazini, jiko linabaki letu."

"Kazi gani hiyo ya kushinda?"

"Anashona." Neno lilipotoka tu, macho yake yakashuka kwenye furushi la vizibao, yakapanda kwenye futi iliyoning'inia shingoni kwa Fundi. Akaweka chupa chini. "Ngoja. Usiniambie ndiye wewe. Wifi?"

Fundi angeweza kukana. Angeweza pia kuitupa ile glasi ukutani, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini yeye tangu utoto ni mtu wa kutazama kwanza. Nguo haikatwi mpaka umeilaza mezani ukaona inakoelekea.

"Ndiye mimi," akasema.

Mpya akazunguka kaunta akaja kumkumbatia. Maneno yakamtoka kama maji ya bomba. Kumbe Mtaalamu alimwambia mambo yao yasubiri kidogo, kwa sababu dada yake anaolewa wiki tatu zijazo, na yeye kama kaka ndiye anabeba shughuli yote. Dada akishatoka, zamu yao inafuata, ataenda kujitambulisha kwa mama yake Mpya. Gauni la harusi aliliona limening'inia mlangoni chumbani. Alilisifu sana.

"Hata nililigusa, wifi. Usinikasirikie."

Fundi akainywa ile negroni mpaka mwisho. Ilikuwa imetengenezwa vizuri, na hilo nalo lilimuuma. Akamwomba Mpya namba ya simu, akamkaribisha nyumbani siku hiyo hiyo saa kumi, maana zamu yake ilikuwa inaisha saa tisa. Akamwomba asimwambie kaka, anataka kumshtua.

Karakana aliaga kuwa anaumwa. Hakudanganya.

Saa kumi kasoro simuni kwake ukaingia ujumbe wa Mtaalamu: "Mama, natoka ghalani sasa hivi. Nimechoka hoi. Barafu ipo?"

Akajibu: "Ipo."

Dakika hiyo hiyo ukaingia wa pili: "Wifi nimefika kwenye kona. Nije mikono mitupu kweli?"

Akajibu: "Njoo tu."

Mpya alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaenda jikoni bila kuelekezwa. Kikombe kilikuwa nyuma ya chupa ya siki, akanyoosha mkono akakitoa, kidole gumba kikakaa pengoni chenyewe. Akatengeneza glasi tatu, huku anapiga soga kuhusu rangi za sare za wasimamizi. Fundi alikuwa anamenya chungwa.

Mlango ukafunguliwa. Mtaalamu akasimama na funguo mkononi.

"Karibu, kaka," Fundi akasema.

Mtaalamu akamtazama huyu, akamtazama yule. Akatazama glasi tatu mezani. Fundi akamwachia nafasi, kwa sababu mtu aliyekaa naye miaka minne alistahili kupewa mlango wa kutokea. Angesema chochote cha kweli, hata nusu, hata kwa kigugumizi. Hilo tu ndilo alilokuwa anataka.

Mtaalamu akatia funguo mfukoni. Akampa Fundi jicho la kuomba, lile la ninusuru nitakueleza baadaye, halafu akamgeukia Mpya na kutabasamu.

"Si nilikuambia dada yangu ni mtu wa watu."

Mpaka hapo Fundi alikuwa amejipa moyo kwamba uongo ulisemwa nyuma ya mgongo wake, kwa woga, kama wanaume wengine wanavyofanya. Sasa umesemwa usoni kwake, naye anaombwa ashike upande mmoja asaidie kuubeba.

Akaingia chumbani. Akarudi na koti la kiume, la kijivu, nyuzi nyeupe za kushikizia bado zimo mabegani.

"Mdogo wangu, nisaidie. Kaka hajajaribu koti lake la harusi, nataka nione kama mikono imekaa."

"Zuri," Mpya akasema, akalipokea. "Na kaka wa bibi harusi anavaa koti la hivi?"

"La bwana harusi hili."

"Bwana harusi yupi?"

"Huyo hapo. Bibi harusi ni mimi."

Mpya akacheka kidogo. Akaangalia nani mwingine anacheka. Akamuuliza Mtaalamu kama ni kweli, naye akaanza kusema mambo sio kama anavyodhani, akaacha katikati. Koti likashuka mpaka kwenye kiti.

Binti yule hakutukana. Alimsogelea Fundi, sauti imeshuka kabisa.

"Dada, sikuligusa tu lile gauni. Nililivaa. Yeye ndiye alinifunga zipu."

Kisha akaokota viatu vyake. Mtaalamu akaruka kumshika mkono, kiwiko kikakumba glasi, ikaenda sakafuni. Hiyo ndiyo glasi ya Mama Pacha. Binti akatoka, mkono mdomoni.

Walipobaki wawili, Mtaalamu alizungumza sana. Alisema ni mambo ya kazini yaliyomzidi. Alisema alishapanga kuyamaliza kabla ya harusi, na yule binti ndiye king'ang'anizi. Alisema miaka minne si mchezo. Machozi yalimtoka, ya kweli, tusimsingizie. Fundi alimsikiliza mpaka akaishiwa, halafu akamuuliza swali moja.

"Ulipomfunga zipu, ulimwambia nini?"

"Ulikuwa utani tu."

"Ulimwambia nini?"

Akatazama sakafu. "Nilimwambia limemkaa."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa vipimo vya mteja na kuviandika. Lile gauni alilikata kwa mwili wake mwenyewe, akajipima peke yake mbele ya kioo, jioni kumi na saba baada ya kazi. Akachukua simu. Akatafuta jina la baba yake.

Mtaalamu akaliona jina. Akapiga magoti palepale, kwenye maji ya barafu na vipande vya glasi.

"Usimwambie mzee. Nakuomba, mama. Mwambie tumesogeza mbele tu, mwambie hivyo basi, mengine nitayatengeneza mimi mwenyewe. Nakuomba."

Simu ikapokelewa. Fundi akamgeuzia mgongo, akavuta kiti, akaketi.

"Shikamoo, baba. Uko peke yako hapo?"