Usingizi Niliyotoa na Mikono Mbili

Ilikuwa saa kumi na mbili ya mangaribi, Musienene, na mimi nilikuwa natafuta tu chakula.

Camion ilikuwa imejaa. Magunia mia mbili ya viazi, bâche ya turubai imefungwa, kamba imekazwa. Asubuhi Butembo, kiisha Beni, kiisha Bunia. Nilikuwa na juma tatu tu na ufunguo wa ile camion mufukoni, lakini kama ungenisikia ungesema nilizaliwa na volant, ule usukani, mukononi. Kitsa, chauffeur wa zamani wa ile camion, macho ilimushinda, ndiyo patron, mwenye camion, akanipa mimi. Miaka makumi mbili na mbili, masomo niliacha mwaka wa tano ya primaire, na magurudumu, pneus kumi, chini yangu. Mwalimu aliyenifukuza angali anatembea na miguu. Siku moja nilimupita kule Bulengera, nikamupigia klaksoni mpaka akaruka mutaro.

Niliingia kwa mama mumoja aliyekuwa anapika maharagi pembeni ya soko. Bale vijana balionipakilia muzigo balikuwa kwa benchi, bananiuliza kama siogopi safari ndefu. Nikabaambia chauffeur anaogopa kitu moja tu, usingizi, na usingizi ni ugonjwa wa bazee kama Kitsa, aliyekuwa anapaki kila saa mbili ili akorome kama nguruwe. Mimi? Mimi silalake. Usingizi inanifuata na miguu, mimi niko na camion. Itanifikia wapi?

Bale vijana bakacheka. Mama hakucheka.

“Kweli hauna kazi nayo?” aliniuliza. Sauti ndogo, kama mutu anauliza bei.

“Hata kidogo, mama. Kama unaitaka, beba.”

Akafuta mikono kwa kikwembe. Akainyoosha mbele yangu, viganja juu, wazi. Na mimi, ili bale vijana bacheke zaidi, nikainuka, nikainama sawa vile tunainamaka tukimupa mutu mukubwa kitu, nikaweka mikono yangu mbili ndani ya yake. Nikasema ni yako, mama, yote.

Mikono yake ilikuwa baridi. Alikuwa pembeni ya moto, lakini baridi.

Akafunga vidole.

“Wasingya,” alisema. Asante ya kwetu tu, ile ya kila siku.

Kiisha akatoka. Sufuria ingali kwa moto, sahani yangu nusu. Alienda mbio, mikono imefungwa kifuani kama mutu amebeba kifaranga, akapotelea nyuma ya miti ya eucalyptus. Tukajipakulia wenyewe. Tulicheka mpaka maharagi ikaisha.

Nikaenda kujilaza kwa cabine.

Usingizi haikuja.

Nilisema ni baridi. Musienene iko na baridi mubaya. Asubuhi nikaendesha vizuri mpaka Butembo, nikajisifu kwa parking kwamba nimekesha na niko muzima. Pale nilikaa siku mbili, kungojea barabara ya Beni ifunguliwe. Usiku wa pili, macho wazi. Usiku wa tatu, nikaanza kuhesabu matundu ya bâche...

Bandugu, hamujui hii kitu. Mutu akichoka, anajua mahali anaenda: anaenda kulala. Mimi nilikuwa nachoka bila mahali pa kuenda. Mifupa inauma. Meno inauma. Natafuna mukate, nasahau kuumeza. Nafunga macho na ndani yake kuko mwangaza kama wa muchana, hata kivuli hakuna.

Siku ya ine bakafungua barabara. Mutelemuko wa Kabasha, saa ine ya asubuhi, jua kali. Nikakunja kona.

Nikaona kitanda.

Katikati ya barabara. Shuka nyeupe, muto, blanketi imefunuliwa upande moja, sawa vile mama anafanyiaka mutoto.

Nilikanyaga frein na miguu mbili. Camion ikalia, ikainama, viazi ikasukumana nyuma yangu, magurudumu ya upande moja ikatafuta udongo... kiisha ikatulia. Hapakuwa kitanda. Pikipiki tatu balinipita bananitukana mimi na ukoo wangu. Lakini hawakujua jambo moja. Sikufunga frein ili nisikigonge kile kitanda.

Nilifunga frein ili nishuke, nilale.

Beni, patron wangu alikuwa ananingojea. Yule patron, Mzee Kasimu, hapigake kelele, na hiyo ndiyo mubaya yake. Alishika kidevu yangu, akaangalia macho yangu kama anaangalia pneu imekwisha. Habari ya Kabasha ilikuwa imefika mbele yangu.

“Abdias, sikukupa camion uue batu,” alisema. “Kesho kutwa muzigo ya Bunia inaondoka. Uje umelala, ao ulete ufunguo.”

Nilienda kwa farmasi, bakanipa vidonge. Nikameza tatu. Nikameza ingine ine. Ulimi ndiyo ulilala peke yake, nikazunguka mutaa mwote naongea kama mulevi, macho wazi.

Kiisha nikakunja haya, nikaenda kwa Kitsa. Yule niliyemuita nguruwe. Nilimukuta anakaa kwa mulango, anapapasa maharagi ndani ya kitunga anatoa mawe, maana haonake tena. Nikamuelezea yote. Nilingoja anicheke. Hakucheka.

“Ulimupa na mukono moja ao mbili?”

“Mbili.”

Akaacha maharagi.

“Mbele ya batu?”

“Mbele ya batu.”

Kiisha aliniambia kwa barabara batu banaombaka kila kitu: mafuta, chumvi, nafasi juu ya muzigo. Na kuko benye kuomba usingizi. Miaka yote bale bazee ba camion balikuwa banasema kwa sauti kubwa kwamba banapenda kulala, banakoroma, bananunua muto, ili mutu asibaombe. Mimi nilizania ni uvivu. Aliniambia niende niombe, lakini niende jua ikiwa juu.

Nilipanda pikipiki alfajiri. Nikafika Musienene saa nane, mavumbi mpaka kwa meno.

Bakanionyesha kwake: mama Kasika, mukimbizi, nyumba ya mbao nyuma ya ile miti ya eucalyptus. Alikuwa anakaa kwa mulango. Hakushituka. Kulikuwa harufu, ile ya kakao mbichi inaoza ndani ya majani. Musienene ni milima, ni baridi. Kakao haiotake pale.

“Ingia polepole,” alisema.

Ndani, binti mumoja alikuwa analala juu ya kitanda ya miti. Analala kweli kweli, mudomo wazi, jasho kidogo kwa shingo. Mukono wake wa kuume ulikuwa unatembea juu ya blanketi. Mbele. Nyuma. Mbele. Muguu wa kushoto unakanyaga, unaachilia.

Alikuwa anabadilisha vitesse, gia ya camion.

Alikuwa anatelemuka mahali, na nasema kweli, frein alikuwa anashika mapema kuliko mimi.

Mama Kasika alinielezea kwa sauti ya chini. Yule ni Séphora, mutoto wake. Balikuwa na shamba ya kakao ngambo ya Mangina. Batu ba pori, bale benye silaha, balimukamata ndani ya shamba, bakakaa naye siku kumi na moja. Alirudi na miguu yake. Tangu pale, miezi kumi na ine, hapana kulala. Kila akifunga macho, bale batu banafika.

“Yako iko safi,” aliniambia. “Ndani yake kuko barabara tu. Hakuna mutu.”

Nikamuambia nimekuja kuibeba. Nilitaka kusema kwa ukali. Ilitoka kama kilio.

“Muamushe, itakurudilia. Sitakukataza.” Akaangalia chini ya kitanda. “Ao ubebe ile.”

Chini ya kitanda kulikuwa kitunga kimefunikwa na jani ya mugomba. Hapakuwa upepo. Jani ilikuwa inapanda kidogo... inashuka. Inapanda... inashuka.

“Ni nini ile?”

“Usingizi ya kwake. Iliachwa. Hakuna mutu aliiomba.”

Nilinyoosha mukono juu ya bega ya Séphora. Kidole ilikuwa inakaribia kumugusa. Akageuka kidogo, bila kufungua macho.

“Bado kidogo,” alisema. Kama mutoto anaitwa asubuhi aende masomo.

Musifikiri niko na roho nzuri. Siko nayo. Nilikuwa nimechoka tu, na mutu amechoka anabebaka kitu iliyo karibu. Na kitunga kilikuwa karibu na muguu yangu.

Nikainama. Nikanyoosha mikono mbili.

Mama Kasika alifunua jani, akaniwekea kitu ndani ya viganja. Sikuona kitu. Nilisikia uzito tu, na uvuguvugu, kama kuku aliyechinjwa sasa hivi. Nikaanguka palepale kwa udongo, nikalala mpaka asubuhi.

Nilirudi Beni, Mzee Kasimu akaangalia macho yangu, akaniachia ufunguo wa camion. Bunia nilienda, nikarudi. Tangu pale nimefanya safari tisa, hata kioo sijapasua. Kwa parking bananiita mukubwa.

Na ninalala. Oh, ninalala.

Kila nikifunga macho, niko ndani ya kakao. Mvua imeisha, majani inadondoka matone. Bale batu bamekaa chini, bananipa mugongo, bananoa mapanga. Safari ya kwanza balikuwa mbali. Safari ya tatu nilianza kusikia maneno yao. Safari ya sita bakageuka. Sura zao ni za kawaida, na hiyo ndiyo iliniogopesha: vijana kama mimi, mumoja iko na jino ya kuvunjika. Bananitolea nafasi ya kukaa. Nikibapigia hadisi banacheka, banacheka kuliko vijana ba parking.

Nilirudi Musienene, nilitaka kuibwaga. Nyumba iko tupu. Jirani aliniambia mama na binti balihama, binti amenona, hajui kwenye balienda.

Jana usiku yule wa jino ya kuvunjika aliniambia ninadanganya. Kwamba kijana kama mimi, hata masomo hakumaliza, hakuna patron angemupa camion ya pneus kumi. Bengine bakacheka.

Nilijua ninyamaze. Nilijua, bandugu.

Nikabaambia rangi ya bâche. Nikabaambia parking, na mulango, na saa yenye sentinelle, mulinzi wa usiku, anaenda kunywa chai. Nikabatajia plaque, namba kwa namba.

Leo asubuhi nilihamisha camion. Nimeipaki mbali, mahali hakuna mutu ananijua, milango nimefunga. Ni saa tisa ya muchana. Nimechoka sana, na kule ndani ya usingizi bananingojea baniulize nimeihamishia wapi.