Alinishusha Mlimani Aokoe Mafuta

— Funga dirisha!

— Joto, mpenzi. Nitazimia humu.

— Upepo ukiingia gari linavuta mafuta. Funga, bwana!

Binti, fundi cherehani, akafunga, jasho likimtiririka mpaka kwenye kope. Mchumba wake, aliyeshika usukani, alikuwa kwenye mashindano ya safari ndefu. Magari yote yalijazwa tangi, na atakayefika mji wa mwisho akiwa ametumia mafuta kidogo kuliko wenzake anapewa gari jipya. Huko mwisho mama mkwe alikuwa anasubiri kumwona binti kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana alikubali kuwa msaidizi wa dereva.

Ili gari liwe jepesi, tairi la akiba waliliacha nyumbani, jeki nayo. Kituo cha kwanza likaachwa begi lake, lenye gauni alilomshonea mama mkwe kwa mikono yake.

Walipofika mlimani gari likaanza kukoroma.

— Hivi una kilo ngapi wewe?

— Unaniuliza mimi au unauliza gunia?

Akaegesha mbele ya kituo cha basi.

— Shuka. Panda basi, tutakutana huko. Ni kwa faida yetu sote.

— Unanishusha? Mimi?

— Usinipotezee muda!

Gari likaondoka. Binti akabaki na vumbi na simu mkononi. Ujumbe wa mama yake ukaingia:

“Mmefika wapi, mwanangu?”

“Mama, nimeshushwa. Eti mzito.”

“Ameshusha MTU? Mimi nilisema nini juu ya huyo kijana? Nilisema nini?”

Jioni gari likaingia mjini, tangi bado zaidi ya nusu. Makofi, vigelegele. Msimamizi akachungulia ndani.

— Msaidizi wako yuko wapi?

— Anakuja na basi.

— Na basi? Asubuhi si tulitangaza, wawili walioanza ndio wanaomaliza? Ulikuwa wapi?

Alikuwa anajaza upepo matairi. Hakusikia hata neno.

Mama wa kijana akajipenyeza kwenye watu.

— Mkwe wangu yuko wapi?

— Mama, kulikuwa na mlima...

— Nimekuuliza mlima mimi?

Jamaa akakimbilia simu: “Mpenzi wahi, wananitoa kwenye mashindano!”

Basi lilipoingia, binti akashuka taratibu, akavua pete, akamwekea kiganjani.

— Shika. Nayo ilikuwa inakula mafuta.

— Jamani, si mchezo tu huu!

— Mchezo ulikuwa wa gari. Mimi nilikuja kuolewa.

Mama mtu akamshika binti mkono.

— Twende ukanawe uso, mwanangu. Huyu mwache alale na tangi lake.

Wakaondoka. Hakuna aliyegeuka.

Mabinti zetu, nawaomba kama mama. Mwanaume akianza kukuuliza kilo zako katikati ya safari, usingoje akufungulie mlango. Shuka mwenyewe, na begi lako.